Jinsi ya kuandaa kiwanda au karakana yako ya Dar kuwania tuzo za OSHA bila kuficha ajali

Kila mwaka tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, hukabidhi tuzo kwa maeneo ya kazi yaliyofanya vizuri katika kuwalinda watu wake. Wiki hiyo picha za makombe huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya maofisa rasilimali watu wa Dar es Salaam, na viwanda vya Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Mikocheni na Mbagala huanza kuulizana, "Sisi tunaingiaje?" Swali ni zuri, lakini mwezi Aprili huwa limechelewa. Kombe la Aprili hutafutwa kwa mambo yaliyofanyika mwaka mzima uliotangulia: mafunzo yaliyotolewa, mashine zilizofungwa kinga, watu waliopimwa afya, ajali zilizochunguzwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye karakana, meneja wa kiwanda, msimamizi wa ghala au mwakilishi wa usalama anayetaka kuingia kwenye kinyang'anyiro hicho kwa haki. Msimamo wangu nautaja mapema ili tuelewane: kazi yote hii husimama au huanguka kwenye daftari la ajali. Kiwanda kinachoandika kila mchubuko, kikatafuta chanzo na kurekebisha, kinastahili heshima kuliko kile chenye daftari jeupe. Kama nia ya bosi ni kupata kombe kwa kuwanyamazisha walioumia, bora asishiriki.

Fahamu kwanza tuzo unayoiwania

Tuzo ninazozizungumzia ni za serikali. OSHA ipo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ilianzishwa mwaka 2001, na inasimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 kwa upande wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na wasimamizi wake, hivyo tawi lako la Unguja lifuate utaratibu wa huko. Maadhimisho ya kitaifa huhama mkoa kwa mkoa: mwaka 2024 yalikuwa Arusha, mwaka 2025 yakawa Singida. Kwa hiyo aliye Dar aweke nauli na malazi kwenye bajeti yake, na asipeleke wakurugenzi peke yao. Mpe nafasi yule fundi aliyeziba shimo na yule dada wa jikoni aliyesema kwanza kwamba hosi ya gesi imechakaa.

Usizichanganye na tuzo za Mwajiri Bora wa Mwaka zinazoandaliwa na Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, wala tuzo za Rais za mzalishaji bora zinazoandaliwa na Shirikisho la Wenye Viwanda, CTI. Hizo zina thamani yake, lakini mizani yake ni pana zaidi, na usalama ni sehemu tu ya yanayopimwa.

Kwa nini serikali itoe makombe wakati ina sheria na faini? Kwa sababu hakuna nchi yenye wakaguzi wa kutosha kusimama kwenye mlango wa kila karakana. Adhabu humfikia aliyekamatwa. Sifa huweza kumvuta hata yule ambaye mkaguzi hajamfikia. Marekani wana mpango wa aina hii tangu mwaka 1982, ambao hutambua maeneo ya kazi yanayojitolea kwenda mbali kuliko sheria inavyodai. Lakini huko huko walijifunza jambo ambalo sisi hatuna haja ya kulirudia: zawadi ikifungwa kwenye idadi ndogo ya ajali, idadi hushuka kwenye karatasi huku vidole vikiendelea kukatika.

Na uzito wa jambo lenyewe ni huu. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa ya kazini, na wengine takriban milioni 395 huumia bila kufa. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na kukomesha utumikishwaji na ajira za watoto.

Hatua ya kwanza: nyoosha karatasi

Hapa sitakaa sana. Sajili eneo lako la kazi OSHA kupitia mfumo wao wa mtandaoni unaoitwa WIMS. Ada ya usajili ilishaondolewa, kwa hiyo mtu akikudai "hela ya kusajili" mkatalie na uulize ofisi ya OSHA Kanda ya Pwani. Kila tawi ni eneo la kazi linalojitegemea: ofisi ya Posta na ghala la Kurasini ni usajili wa sehemu mbili.

Jisajili pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, na ni wa mwajiri. Haukatwi kwa mfanyakazi. Hakikisha una cheti cha Zimamoto, na kama unatunza kemikali, usajili wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama una boila, kompresa, kreni, winchi au foklifti, tafuta ripoti zake za ukaguzi na uangalie tarehe. Ripoti iliyokwisha muda ni sawa na kutokuwa nayo.

Hatua ya pili: wapate wawakilishi wanaosikilizwa

Sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne kuteua kwa maandishi wawakilishi wa usalama na afya. Maeneo mengi hutimiza hili kwa kumwandika ofisa utumishi na dereva wa bosi, kwa kuwa wapo na wanajua kusoma. Huo ni uteuzi wa kujaza fomu. Mtafute mtu ambaye mafundi humfuata wakiwa na shida, hata kama hana cheo. Kiwandani mara nyingi ni mama wa sehemu ya kufungasha aliyekaa miaka mingi, anayejua ni mashine ipi hupiga shoti masika ikianza. Awepo na wa zamu ya usiku, maana usiku ndipo msimamizi huwa mmoja na usingizi mwingi.

Wapeleke kwenye mafunzo ya OSHA ya wawakilishi wa usalama na afya, kisha wape vitu vitatu: muda wa kazi hiyo ndani ya saa za kazi, ruhusa ya kusimamisha mashine yenye hatari bila kusubiri simu ya meneja, na kikao cha kudumu ambacho mkuu wa eneo huhudhuria mwenyewe. Kumbukumbu za vikao hivyo zitunzwe. Kikao kizuri huonekana kwenye safu ya "nani atafanya, lini" na kwenye kikao kinachofuata kilichoanza kwa kuuliza kama kimefanyika.

Hatua ya tatu: zunguka, tazama, uliza

Tathmini ya vihatarishi ndiyo moyo wa maandalizi, na ndiyo inayonakiliwa zaidi. Nimeshasoma tathmini ya kiwanda cha mikate iliyotaja hatari za mgodini, kwa sababu mtu alichukua nyaraka ya kampuni nyingine akabadilisha jina. Mkaguzi huona hilo ukurasa wa kwanza. Ya kwako iandike kwa miguu: anza getini asubuhi mizigo inapoingia, fuata kazi mpaka inapotoka, na kila ulipofika muulize anayefanya kazi pale, "Ndugu yangu, hapa unaogopa nini?" Ukinyamaza kidogo baada ya swali hilo, utasikia mengi.

Hatari za Dar zina sura yake. Nataja chache ambazo huwa hazimo kwenye fomu za kunakili.

Karakana za mbao, kuanzia Keko hadi Buguruni: msumeno wa mezani uliotolewa gadi (kinga ya meno yake), mbao fupi zinazosukumwa kwa kiganja, na vumbi linalolala juu ya nyaya. Dawa ya kwanza ni rahisi mno. Tengeneza vijiti vya kusukumia kwa mabaki ya mbao, vitundike palepale kwenye mashine, na gadi irudi mahali pake.

Mafundi chuma wa Gerezani na Vingunguti: greinda isiyo na kinga, au diski iliyoandikwa kasi ndogo kuliko ya mashine yenyewe. Diski hiyo ikipasuka, vipande huruka usoni. Soma namba ya mzunguko kwenye diski na kwenye mashine kabla ya kufunga. Ya diski iwe sawa au zaidi.

Maghala ya Kurasini na Barabara ya Nyerere: foklifti na wapagazi njia moja. Chora njia ya watu kwa rangi, lakini usiishie kwenye rangi. Weka vizuizi vya chuma kwenye kona, na upange saa ya kushusha kontena ambayo foklifti haizunguki katikati ya watu.

Mapaa: yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga huzeeka kwa jua, na rangi yake hufanana na mengine. Mtu anayepanda kuziba uvujaji huyakanyaga akidhani ni bati, akashuka nayo mpaka sakafuni. Weka mbao za kutembelea na mkanda uliofungwa kwenye mhimili imara, au tafuta namna ya kufanya kazi hiyo kutokea chini.

Mashimo ya majitaka na matangi: hewa ya ndani inaweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Kwenye tathmini andika wazi kuwa hakuna anayeshuka bila kupima hewa, kupitisha hewa safi, kamba ya kumvutia, na mtu wa kubaki juu. Anayebaki juu hashuki kwa vyovyote. Yeye huvuta na kupiga simu. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Halafu kuna masika. Machi hadi Mei maji huingia kwenye sakafu za maeneo ya chini kama Jangwani, Msimbazi na sehemu za Vingunguti. Soketi zilizofungwa kimo cha goti huwa mtego. Zipandishe juu kabla ya mvua, na mkubaliane ni nani huzima umeme mkuu maji yakianza kuingia, na kama hayupo, ni nani baada yake.

Ukishaorodhesha hatari, suluhisho lifuate mpangilio huu: je, hatari inaweza kuondolewa kabisa? Kama haiwezi, je, kitu cha hatari kinaweza kubadilishwa? Kisha kinga ya mashine, kisha utaratibu wa kazi, na mwisho kabisa vifaa kinga vya mwilini. Maeneo mengi huanzia mwisho kwa kununua helmeti na buti, na picha hutoka nzuri. Lakini tujiulize kwa nini kijana anavua barakoa ya vumbi saa tano asubuhi mwezi Januari. Chini ya bati, joto la Dar na unyevu wa bahari, barakoa ile haivumiliki kwa saa nane. Feni ya kunyonya vumbi kwenye chanzo humsaidia kuliko makaripio. Pale ambapo vifaa kinga havikwepeki, mwajiri avinunue yeye, vya saizi za watu waliopo wakiwemo wanawake, na saa za kazi nzito zisogezwe asubuhi, maji ya kunywa yawe karibu.

Hatua ya nne: daftari la ajali lisilo na uongo

Naomba ukae nami hapa, kwa sababu watu wengi wazuri huharibu hapa.

Chukua mfano wa tukio moja la karakana. Namna ya kwanza ya kuliandika: "Saidia fundi kajikata kidole kwa uzembe. Ameonywa." Mstari huo haumfundishi mtu chochote, na wiki ijayo mwingine atakatwa kwenye mashine ileile.

Namna ya pili: "Jumanne saa 9 alasiri, sehemu ya kupasulia. Saidia fundi, ana wiki mbili kazini, alikuwa akisukuma kipande kifupi cha mninga kwa mkono. Mbao ilirushwa nyuma, mkono ukateleza kuelekea msumeno. Kidole cha shahada kimechanika, ameshonwa nyuzi tatu. Gadi ilitolewa wiki iliyopita ili kupasua mbao nene, haikurudishwa. Hakukuwa na kijiti cha kusukumia."

Sasa una cha kufanyia kazi. Kwa nini gadi haikurudishwa? Kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu hilo. Kwa nini mgeni wa wiki mbili alikuwa kwenye msumeno? Kwa sababu fundi mkuu alikwenda kupokea mzigo. Kwa nini fundi mkuu ndiye hupokea mzigo? Endelea kuuliza mpaka ufike mahali ambapo mabadiliko ya utaratibu, au shilingi kadhaa, yangezuia tukio. Ukifika kwenye neno "uzembe" ukasimama, umesimama mapema. Andika marekebisho, jina la anayehusika, tarehe ya kukamilisha, na picha ya kabla na baada.

Kwenye daftari hilohilo ziandikwe ajali zilizonusurika: boksi lililodondoka kutoka rafu ya juu lisimpate mtu, mnyororo wa winchi uliokatika mzigo ukiwa chini, mtu aliyeteleza akashika nguzo. Hizo ni taarifa za bure. Ajali kubwa huwa imekwisha kubisha hodi mara kadhaa kwa namna hiyo kabla ya kuingia.

Watu hawatatoa taarifa kama mara ya mwisho mwenzao alitoa akakatwa mshahara. Kwa hiyo futa adhabu kwa anayeripoti, na futa pia ile bonasi ya "siku 100 bila ajali". Najua nia yake ni njema. Lakini fikiria kikundi cha watu kumi na wawili kinachosubiri bonasi siku ya 97, na mmoja wao akateguka kifundo cha mguu. Ataficha, kwa sababu hataki kuwa yeye aliyewakosesha wenzake hela ya ada za watoto. Kama unataka kutoa zawadi, itoe kwa taarifa bora ya hatari iliyotolewa mwezi huo, au kwa sehemu iliyokamilisha marekebisho yake kwa wakati. Na msimamizi ajizoeze jibu moja. Kijana akija na kusema, "Bosi, nimeteleza pale kwenye ngazi, ila sijaumia," jibu liwe, "Asante kwa kuniambia, twende ukanioneshe."

Ajali yenye majeraha ina njia zake za kisheria pia. OSHA ijulishwe mara moja. WCF wapewe taarifa ndani ya siku 7 tangu mwajiri ajue, ili aliyeumia apate matibabu, malipo ya muda asiofanya kazi, utengamao (huduma za kumrudisha kwenye maisha na kazi), au pensheni ikibidi. Kuwapeleka majeruhi kwenye zahanati ya mtaani na kuwalipia kimyakimya kunaonekana kama huruma, ila mtu huyo akibaki na ulemavu atakuwa hana rekodi ya kumlinda. Ndiyo maana nasema kuficha ajali ni kumwibia aliyeumia.

Mwisho wa mwaka, geuza daftari kuwa namba zinazolinganishika. Hesabu inayotumika sana ni hii: ajali zilizomfanya mtu akose kazi, zidisha kwa 1,000,000, gawanya kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi na wote. Tuseme una watu 120, wanafanya saa 45 kwa wiki, ambacho ndicho kikomo cha kisheria cha saa za kawaida, kwa wiki 50. Hizo ni saa 270,000. Ukiwa na ajali 3 za namna hiyo, kiwango chako ni takriban 11.1. Wengine hutumia 200,000 badala ya milioni, na hapo utapata 2.2. Taja umetumia ipi, vinginevyo utaonekana bora au mbaya kuliko ulivyo. Saa za ziada nazo zihesabiwe.

Weka pembeni namba nyingine mbili: taarifa za ajali zilizonusurika na asilimia ya marekebisho yaliyokamilika kwa wakati. Mwaka wa kwanza wa uwazi, taarifa zitapanda ghafla. Bodi ikishtuka, waeleze kwamba mambo yale yalikuwepo siku zote, na sasa ndiyo yanaonekana. Liandike hilo pia kwenye maelezo ya kuwania tuzo, bila kuona haya.

Hatua ya tano: usisahau mwili unaougua polepole

Ajali hupiga kelele. Magonjwa ya kazini huja kimya. Mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, wakati anaendelea, na anapoondoka, kwa gharama ya mwajiri. Vipimo viendane na kazi: usikivu kwa walio kwenye mashine za kelele, mapafu kwa walio kwenye vumbi la saruji, unga au pamba, macho kwa madereva wa foklifti. Kelele ikizidi desibeli 85 kwa siku nzima ya kazi, masikio huanza kuumia bila mtu kuhisi. Kipimo cha mtaani ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye urefu wa mkono wako akusikie, ita wataalamu waje kupima.

Majibu ya mtu ni siri yake na daktari wake. Kwenye kabrasha la tuzo weka takwimu za jumla na hatua zilizochukuliwa, kamwe usiweke majina.

Hatua ya sita: vibarua na mafundi wa kukodi

Hapa ndipo washiriki wengi hujidanganya. Wanahesabu walio kwenye payroli, halafu wabeba mizigo wanaochukuliwa getini alfajiri, wapaka rangi, mafundi wa paa na walinzi wa kampuni nyingine hawaonekani popote. Wakati kazi za hatari zaidi ndizo zinazokabidhiwa hao. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 lilichukua uhai wa zaidi ya watu 20, wengi wakiwa katika shughuli zao za kila siku, na lilitukumbusha jiji zima kwamba anayeumia si lazima awe aliyekubali hatari.

Kwa hiyo kila anayeingia kufanya kazi ndani ya uzio wako ahesabiwe: jina kwenye daftari la siku, maelekezo ya dakika kumi kwa Kiswahili cha kueleweka, vifaa kinga, na haki ileile ya kukataa kazi ya hatari. Maelekezo yasiwe hotuba. Msimamizi anaweza kusema hivi: "Jamani, habari za asubuhi. Leo tunashusha kontena mbili. Foklifti inapita upande wa kulia, sisi tunabaki kushoto ya mstari. Jana mfuko uliteleza pale, kwa hiyo leo tunapanga mwisho safu tano. Nani ana la kuongeza?" Kisha asubiri kweli wa kuongeza.

Kwa mkandarasi, dai mpango wake wa usalama kabla ya kusaini, na umpe mamlaka mwakilishi wako kusimamisha kazi yake. Kazi za ujenzi zina taarifa zake zinazopelekwa OSHA kabla ya kuanza.

Hatua ya saba: kabrasha na siku ya kutembelewa

Tangazo la kushiriki likitoka, soma masharti ya mwaka huo neno kwa neno, maana makundi ya ushindani yanaweza kubadilika. Chagua kundi linaloendana na shughuli yako halisi. Karakana ya watu 15 ikijiingiza sawa na kiwanda kikubwa chenye idara nzima ya usalama itachoka bure.

Ushahidi upange kwa hadithi tatu au nne za mwaka: hatari tuliyoiona, tulichofanya, kilichobadilika. Kila hadithi iwe na karatasi zake: ukurasa wa tathmini, muhtasari wa kikao, risiti ya ununuzi, picha mbili, na namba. Sera ya usalama iwe fupi, ya Kiswahili, imesainiwa na mkuu aliyepo sasa. Sera ya Kiingereza iliyotundikwa kwenye fremu ya kioo mapokezi haimfikii aliye kwenye mashine.

Wakaguzi wakija, usipake rangi usiku wa kuamkia na usiwafundishe watu majibu. Waache waongee na wafanyakazi bila meneja kusimama karibu. Wakiuliza kuhusu ajali mbaya ya mwaka huo, itaje wewe wa kwanza, onesha mashine, eleza kilichobadilishwa, na kama kuna kilichobaki, sema kimebaki na lini kitakamilika. Waoneshe milango ya dharura ikifunguka. Ukikuta asubuhi hiyo mlango mmoja umefungwa kwa kufuli "kwa sababu ya wezi", fungua, kisha tafuta kitasa kinachofunguka kwa kusukuma kutoka ndani ili kufuli hilo lisirudi wageni wakishaondoka.

Matokeo yakitoka, ulishinda au hukushinda, omba maelezo ya wapi ulipungua na uyapeleke kwenye kikao cha wawakilishi wiki hiyohiyo. Ukishinda, fikiria kabla ya kuchapisha mabango: cheti kibandikwe pale watu wanapopigia saini kuingia kazini, na kama kuna sherehe, vibarua waliokuwepo mwaka huo waalikwe.

Kama mko watatu au wanne tu

Wenye karakana ndogo hudhani haya ni ya wakubwa. Si lazima usubiri kombe la kitaifa. Mafundi wa eneo moja, tuseme karakana kumi zilizopakana, mnaweza kujiunga kama mnavyojiunga kwenye vikoba. Changeni sanduku moja kubwa la huduma ya kwanza na mitungi ya kuzimia moto inayohudumiwa kwa tarehe, wawili wenu waende mafunzo ya huduma ya kwanza, na kila Ijumaa fundi mmoja azungukie karakana ya mwenzake kutafuta hatari tatu. Daftari liwe moja kwa wote, likae kwa mtu asiye na karakana pale, kama mama lishe wa kona anayeaminika na kila upande. Baada ya mwaka, nendeni ofisi ya OSHA Kanda ya Pwani mkiwa na daftari hilo, muwaombe waje kuona. Anzeni na namba za simu: hospitali ya karibu, 114 ya Zimamoto, na bodaboda au bajaji mbili ambazo dereva wake amekubali kubeba majeruhi saa yoyote, ziandikwe kwa rangi ya mafuta ukutani, kwa herufi kubwa, juu ya swichi kuu.